Moshi wa Udi Kwenye Injini

Mliniona nikishuka kwenye basi Jumanne, begi begani na kikapu cha machungwa mkononi, na kila mmoja wenu akauliza swali lilelile: gari liko wapi? Nikawajibu kwamba ni habari ndefu. Mmoja akasema habari ndefu ndiyo kazi yangu, basi niiandike. Haya, naiandika. Naiandika kwa hasira, maana hasira bado ninayo, ingawa kadiri nilivyokumbuka safari yenyewe ndivyo nilivyozidi kukosa mtu wa kummalizia.

Kwa wasiojua kilichonipeleka: marehemu kaka yangu Bakari aliacha binti mmoja, Zuhura. Ndugu wa kiume wa baba yake nimebaki mimi peke yangu, kwa hiyo mimi ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Nikahi ilipangwa Jumapili baada ya Adhuhuri, kijijini kwetu Moa, karibu na mpaka wa Kenya. Mtasema walii anaweza kumpa mtu mwingine uwakala, hata kwa simu. Najua. Lakini kaka, akiwa kitandani, alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Siku ya Zuhura usimtume mtu. Uwe wewe." Nikasema ndiyo. Katika maisha yangu nimesema ndiyo nyingi za ovyo, kwenye vikao na kwenye kamati, ila hii sikuwa tayari kuirudisha.

Zuhura mwenyewe ni fundi magari. Alisoma ufundi Tanga mjini, na sasa anatengeneza matrekta kwenye shamba la mkonge. Nyie mmenisikia nikijivunia jambo hilo kijiweni kila wiki. Kumjivunia mtu na kumsikiliza ni kazi mbili tofauti, na mimi nilikuwa naifanya moja tu.

Gari mnalijua. Lina tabo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kiisukumie injini hewa zaidi. Injini ndogo inapata pumzi ya injini kubwa. Ukikanyaga mafuta, tabo inapiga mluzi mwembamba na gari linaruka mbele. Nililinunua kwa ajili ya mluzi ule. Nina shahada mbili na miaka hamsini na mitatu, na nilinunua gari kwa sababu linapiga mluzi.

Dar hadi Wami

Niliondoka Jumamosi baada ya alfajiri. Kiti cha nyuma kilibeba zawadi ya harusi: seti ya vyombo vya udongo, birika, vikombe kumi na viwili na sahani za kila ukubwa, vyote nimevizungushia magazeti na kanga. Zuhura alikuwa ameniomba boksi la spana. Nilimwambia bibi harusi hapewi spana. Akanyamaza, nami nikachukulia kuwa amekubali.

Hadi Chalinze gari lilikwenda kama lilivyoahidi. Nilipita malori mawili ya saruji bila sababu yoyote ila kusikia mluzi. Tukashuka Wami, tukavuka daraja, na tulipoanza kupanda nikakanyaga mafuta. Mluzi haukuja. Badala yake injini ilitoa pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu mnene anayejitupa kwenye kochi la sponji. Mwendo ukashuka kutoka themanini hadi arobaini. Nyuma yangu moshi mweusi ulitanda, na kwenye dashibodi taa ya injini ikawaka, ya njano, ikanitazama.

Lori la saruji nililolipita likanifikia. Utingo akatoa kichwa nje. "Mzee, shuka usukume. Tutakusubiri huko juu."

Nilisimama pembeni, nikafungua boneti, nikatazama ndani kwa makini ya mtu anayesoma gazeti la Kichina. Simu ikaita.

"Shikamoo baba mdogo. Umefika wapi?"

"Marahaba, Zuhura. Nipo Wami. Gari limekataa mlima."

"Kwenye tambarare linakwenda?"

"Linakwenda."

"Ukikanyaga ndipo linapumua?"

"Umejuaje?"

"Na moshi mweusi. Hewa inavuja, baba mdogo, baada ya tabo, kabla haijafika kwenye injini. Tabo inasukuma, upepo unatokea njiani, injini inamwagiwa mafuta ya hewa isiyokuwepo. Angalia yale mabomba ya mpira na vilipu vinavyoyabana. Kuna mtu aliyeyagusa karibuni?"

"Hakuna," nikasema, upesi kidogo. "Na wewe unafanya nini kwenye simu? Si unatakiwa uwe ndani unapakwa hina?"

"Hina iko miguuni. Masikio hayajapakwa."

Nikamwambia nitamwona fundi. Akasema yeye ni nani. Nikamwambia yeye ni bibi harusi, nikakata simu nikiwa nimeridhika na jibu langu.

Wami hadi Segera

Nilikwenda mwendo wa sitini, na kila chenye magurudumu kilinipita. Nilipitwa na basi, nikapitwa na pikapu iliyojaa magodoro, nikapitwa na gari la polisi ambalo halikuwa na haraka. Kwenye kila kilima nilizima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa ikila nguvu.

Segera niliagiza supu na chapati, na kabla chapati haijafika nilikuwa nimepewa majibu matano. Mwenye supu alisema plagi. Mteja wake alisema pampu ya mafuta. Msafiri mmoja wa Arusha, ambaye hakuwa hata ameliona gari, alisema magari yenye tabo hayafai kwa nchi za joto. Hili ndilo linalonikera mpaka leo. Kutoka Chalinze hadi baharini sikukutana na mtu asemaye sijui, isipokuwa mmoja, naye nitamfikia. Ukiuliza njia, unaelekezwa na mgeni. Ukiuliza ugonjwa, unatibiwa na mpita njia.

Wakaniitia fundi, Mbwana, mtu wa heshima mwenye ovaroli safi kupita kiasi. Alisema lazima tulijaribu gari kwanza. Tukatoka naye barabarani, mimi kwenye usukani. Tulipofika kwenye matuta akainua kidole.

"Kimya. Unasikia?"

Nikasikia. Klin, klin, klin.

"Hizo ni pangaboi za tabo, mzee wangu. Zimekatika, zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Tabo imekufa."

Sauti ile ilikuwa ya msiba kweli, nikaamini. Mbwana akasema yupo mtu Korogwe mwenye tabo kama yangu, italetwa kwa bodaboda, dakika ishirini. Dakika ishirini za Segera zilichukua saa mbili na nusu. Nikanywa chai, nikanywa soda, nikasoma kipande cha gazeti nililokuwa nimekwisha kulisoma. Hatimaye bodaboda ikafika na tabo imefungwa nyuma kama mbuzi. Ilikuwa ya lori. Ilikuwa na ukubwa wa sufuria la kupikia pilau la watu wanane.

"Hii haiingii," nikasema.

"Tutaibembeleza."

Akaegemea gari ili apime nafasi, gari likatikisika, na injini ikiwa imezimwa kabisa nikasikia tena: klin, klin. Nikafungua mlango wa nyuma. Mfuniko wa birika ulikuwa umejitoa kwenye gazeti na kukaa juu ya kikombe. Nikautikisa mbele ya Mbwana. Klin.

"Fundi, hiki ndicho kilichokuwa kinalia."

Aliutazama mfuniko, akanitazama mimi, akaupokea, akautikisa mwenyewe ili awe na hakika.

"Basi na tabo nayo imekufa," akasema.

Segera hadi Muheza

Mtaniuliza kwa nini sikuliacha gari hapo nikapanda basi. Nilijiambia ni kwa ajili ya vyombo, kwamba birika halipandi basi. Ukweli ni kwamba nilitaka Moa wanione nikishuka kwenye lile gari. Nimeondoka kijijini miaka thelathini na kitu, na kila nikirudi huwa narudi na maneno. Safari hii nilitaka kurudi na kitu chenye mluzi.

Muheza ilikuwa imejaa machungwa, kwenye matenga, kwenye baiskeli, kwenye turubai chini. Nilipouliza fundi mzuri niliambiwa bila kusita: nenda kwa Daktari. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na mashine ya kupimia, kijiboksi chenye waya unaochomekwa chini ya usukani. Alivaa miwani kwa ajili ya kuitumia, kisha akaivua kwa ajili ya kusema.

"Mashine inasema mchanganyiko wa mafuta na hewa haukubaliani."

Nikafurahi. Hapo kwa mara ya kwanza nilisikia jambo lililofanana na lile la Zuhura. "Kwa hiyo hewa inavuja?"

"Kwa hiyo mafuta uliyoweka ni machafu."

Nikamwuliza mashine imesemaje kuhusu uchafu. Akasema mashine haiwezi kusema kila kitu, mengine anayasema yeye. Akasafisha hiki, akabadilisha kile, kijidubwana kidogo kama kifuniko cha peni, kisha akachomeka tena waya, akabonyeza, na taa ya njano ikazimika. Akaniinulia mikono kama mtu aliyemaliza upasuaji.

Nikalipeleka gari kwenye kilima cha kwanza. Fyuuu. Nikarudi.

"Haliendi."

"Taa si imezimika?"

"Taa imezimika, gari haliendi."

"Mzee," akasema kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "wewe ulikuja na taa."

Mama muuza machungwa aliyekuwa akitusikiliza akanimenyea chungwa moja, akalikata juu, akanipa. "Kunywa kwanza. Huyo hata mkwe wake alimzimia taa, gari bado liko juu ya mawe." Nikanunua kikapu kizima kwa ajili ya sentensi hiyo peke yake.

Jioni hiyo Hamisi akapiga. Hamisi ni binamu yangu, ndiye aliyesimamia mambo yote ya Moa: posa, mahari, jamvi, mbuzi, sheikh. Mimi nilikuwa nimemwambia mahari wamalizane wenyewe, kazi yangu ni nikahi.

"Kaka, nipe uwakala kwa simu tu. Sheikh amesema inajuzu. Kesho ana nikahi nyingine Duga, hapa hatakaa kupita Alasiri."

"Nitakuwepo."

"Sisemi hutakuwepo. Nasema gari lako."

"Hamisi, nilimwahidi Bakari."

"Najua," akasema. "Nilikuwa mlangoni."

Sikuwa nikijua kwamba alikuwepo. Nililala Muheza nikiwa na hasira naye pia, bila kuweza kueleza amekosa nini.

Muheza hadi Ngamiani

Jumapili asubuhi, karibu na Pongwe, taa ya Daktari ilirudi. Tanga mjini nililipeleka gari kwenye gereji kubwa niliyoelekezwa. Ilikuwa imefungwa. Mlinzi akalizunguka gari mara moja, mikono nyuma, akasema, "Hiyo ni tabo. Ing'oeni tu, itembee bila." Nilimwuliza kama ni fundi. Akasema hapana, lakini amelinda magari mengi.

Nikakata mitaa kuelekea Ngamiani kutafuta mtu yeyote aliye wazi, nikipiga kona katikati ya baiskeli, na katika Barabara ya Kumi na Mbili gari lilitetemeka, likakohoa na kuzimika mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Saa nne na nusu. Fundi, mtu wa rika langu aitwaye Mwinjuma, alikuwa ameketi kwenye kigoda akila bada kwa mchuzi wa papa.

"Karibu tule," akasema. "Hilo halikimbii."

Nilikuwa sijala tangu supu ya Segera. Nikanawa, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamega bada, ule ugali wa makopa ya muhogo, mweusi, unaovutika ambao Dar nikiutaja mnanicheka. Mchuzi ulikuwa na nazi ya kutosha. Nikamweleza yote, kuanzia Wami.

"Mimi gari silijui," akasema Mwinjuma.

Nikaacha kutafuna.

"Sijui tabo, sijui mashine. Ninachojua ni upepo. Miaka ishirini na sita natafuta upepo unapotokea. Ikiwa shida yako ni upepo tunaweza kuongea. Ikiwa ni kitu kingine, maliza kula uende zako."

Simu ikaita. Zuhura. Nikaiweka sauti ya nje maana vidole vilikuwa na mchuzi.

"Shikamoo baba mdogo. Usiniambie uko Muheza."

"Ngamiani. Limezimika kwa fundi baiskeli."

"Fundi baiskeli," akarudia. Nikangoja acheke. "Sawa. Huyo atafaa. Anakusikia?"

"Nakusikia, bibi harusi," akasema Mwinjuma. "Hongera."

"Ahsante, baba. Sikilizeni. Mimi hapa nimeketishwa juu ya chetezo, nimefunikwa shuka gubigubi, wananifukiza udi. Shuka lina matundu. Kila penye tundu moshi unatoka, na somo yangu, huyu mama anayenifunda, anahangaika kuziba kwa mikono. Sasa gari nalo lifanyeni hivyohivyo. Fungueni bomba pale kwenye chujio la hewa, jazeni moshi humo ndani, muone unatokea wapi."

Mwinjuma aliweka tonge chini. "Binti, kama ungekuwa hujaolewa ningekuletea posa leo, kwa ajili ya banda hili tu."

"Mbona sijaolewa? Walii wangu si huyo hapo, anakula bada."

Chetezo kilitoka nyumba ya jirani, kwa Bi Fatuma, ambaye alikileta mwenyewe akiwa amekikumbatia, mkaa umekwisha kolea. Hakutaka kukitoa mkononi.

"Mnafukiza gari? Lina jini?"

"Halina jini," akasema Mwinjuma. "Lina tundu."

"Udi wangu wa Ijumaa huu."

"Ni wa harusi leo, Bi Fatuma. Harusi ya Moa."

Hapo akalegea. Mwinjuma alitoboa kopo la maziwa ya unga matundu mawili, akahamishia humo makaa na vijiti vya udi, akafunika. Tundu moja akaliingizia mdomo wa pampu ya baiskeli. La pili akalitia kipande cha bomba, akakipeleka hadi kwenye njia ya hewa ya gari, akaziba pembeni kwa mfuko wa plastiki na mpira. Akaanza kupampu taratibu, kama mtu anayejaza tairi la mtoto. Watu wakasimama na baiskeli zao. Mtaa mzima ulinuka harusi.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha, juu kabisa ya injini, pale penye lile bomba nene linalotoka kwenye kipozahewa, kile kinachopoza hewa ya tabo kabla haijaingia kwenye injini, uzi mweupe wa moshi ukachomoza, ukapinda, ukawa mafungu mawili.

"Huo hapo," akasema Mwinjuma. Akainama. "Na hiki ni nini?"

Hapa, rafiki zangu, inabidi niseme nililowaficha nyie kama nilivyowaficha wao. Mwezi uliopita niliamua kusafisha chujio la hewa mwenyewe, nikifuata video kwenye simu. Ili ulifikie chujio sharti kwanza uling'oe bomba lile. Nilipolirudisha, kilipu chake kikavunjika mkononi. Nikakata ukanda wa mpira kutoka kwenye baiskeli ya zamani iliyoko stoo, nikauzungusha, nikafunga. Ukashika. Nikajisifu, kisha nikausahau, au nilijifunza kuusahau. Nilipoulizwa Wami kama kuna mtu aliyegusa, niliukumbuka mara moja. Mbwana naye aliniuliza, na Daktari pia. Wote niliwaambia hakuna.

Mwinjuma alikuwa ameushika ukanda kwa ncha za vidole. "Mpira wa baiskeli huu. Nani aliyefunga?"

"Mafundi wa Dar," nikasema.

"Mafundi wa Dar siku hizi wanafunga kama kamba za viatu vya shule?"

Watu wakacheka, Bi Fatuma akiwa wa kwanza. Simu bado ilikuwa juu ya ndoo, na nilijua Zuhura anasikia. Hakusema kitu. Nikasikia tu wanawake wakiimba kwa mbali, kisha simu ikakatika.

Bomba lenyewe lilikuwa limechanika nyufa mbili chini ya fundo langu. Mwinjuma alilikwangua, akalipaka gundi, akalibandika kiraka kama anavyobandika kwenye tairi, akalizungushia mpira mpya ulionyooshwa vizuri, akabana kwa vilipu viwili vya bomba la maji kutoka duka la pili. Hakuwa na haraka hata chembe. Adhuhuri iliadhiniwa tukiwa bado tunasubiri gundi ikauke.

"Hiki ni cha kukufikisha," akasema. "Usilikanyage. Ukiwa na hamu ya kusikia mluzi, piga wewe kwa mdomo."

Barabara ya Horohoro

Gari lilikuwa limepona na mimi nimekatazwa kulifaidi. Nilikwenda sabini, mkonge kushoto na kulia, guu langu limekunjwa kama la mtu anayeogopa kukanyaga yai. Hamisi alipiga mara tatu.

"Sheikh amekwisha kula."

"Mpe kahawa."

"Sheikh amekunywa kahawa."

"Mpe na halua."

Mara ya tatu akasema tu, "Kaka, sheikh amevaa viatu."

Nilipokata kulia kuelekea baharini nilikuta njia zimeongezeka tangu nilipokuja mara ya mwisho, na nikapotea umbali wa kilomita kumi kutoka nilikozaliwa. Kijana wa bodaboda akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia harusi ya kina Bakari. "Wewe ndiye walii wa gari?" akasema, akageuza pikipiki, akanitangulia bila kusubiri jibu. Kwa hiyo sifa zangu zilikuwa zimefika kabla yangu, na ndivyo nilivyoingia Moa: nyuma ya bodaboda, mwendo wa punda, vikombe vinalia klin klin kwenye mchanga, na mbele ya gari bado panafuka udi.

Moa

Hamisi alinifungulia mlango. Alinitia kanzu juu ya shati langu lenye grisi, akanivisha kofia, akanisukuma. Sheikh alitazama saa ya ukutani na kusema imebaki robo saa, twende tukamwulize binti.

Desturi mnaijua. Walii na mashahidi wawili wanakwenda hadi chumbani, walii anamwita binti kwa jina lake na la baba yake, anamtaka idhini. Akiwa ni mwari, kunyamaza kwake kunatosha. Nilipewa karatasi yenye maneno ya mahari, nikasimama mlangoni. Zuhura alikuwa kitandani, amejitanda ushungi mwekundu hadi usoni, wanawake wamemzunguka, somo yake ameshika bega lake. Mikono tu ndiyo iliyoonekana, hina imepanda hadi kwenye viwiko, na chini ya hina, kwenye kucha, weusi wa grisi ambao hakuna liwa iliyoweza kuutoa.

"Zuhura binti Bakari," nikasema, na nikasoma karatasi ambayo nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza, "umeniridhia nikuozeshe Athumani bin Saidi kwa mahari ya," nikasita, "boksi la spana, kamili?"

Kimya.

Nikarudia. Kimya. Nje nikamsikia sheikh akikohoa.

"Inatosha, kaka," Hamisi akaninong'oneza. "Amenyamaza. Twende."

Ilikuwa inatosha, kisheria ilikuwa inatosha kabisa. Lakini nilikuwa nimeyasikia makimya yake mawili kabla ya hilo, lile la spana na lile la Ngamiani, na yote mawili niliyatafsiri kwa jinsi ilivyonifaa. Kaka hakunishika mkono ili nije kukisia.

"Sitakwenda na kimya," nikasema. "Zuhura, nijibu kwa mdomo."

Ushungi ukatikisika.

"Baba mdogo," akasema, "ule mpira aliufunga nani?"

Wanawake wakaacha kupepea. Mashahidi wakatazamana. Nina shahada mbili, nimeandika makala mengi kuhusu ukweli, na pale mlangoni nilitafuta neno moja kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kanzu ya kuazima.

"Mimi," nikasema.

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Kilipu kilivunjika mkononi mwangu."

"Nilijua tangu Wami. Nilisubiri tu useme." Kisha kwa sauti ambayo mashahidi wote waliisikia: "Nimeridhia unioze kwa Athumani, kwa mahari hayo. Na ufunguo wa gari mwachie somo yangu. Usiliguse tena mpaka nitoke fungate."

Shahidi mmoja akaniuliza chini kwa chini kama na hilo la ufunguo alishuhudie. Nikamwambia alishuhudie.

Nilitoka nikaketi mbele ya Athumani, nikamshika mkono, nikamwozesha kwa mdomo wangu, maneno yote, na nilipomaliza muadhini alikuwa akianza Alasiri.

Kwa hiyo gari liko Moa, limefunikwa turubai, linamngoja bibi harusi amalize siku zake saba. Vyombo vyote vilifika salama isipokuwa mfuniko wa birika, ambao nimekumbuka jana kuwa ulibaki Segera, mkononi mwa Mbwana.